Vifuniko Vitatu kwa Beseni Moja

Hounslow, London
14 Januari 2024

Shangazi Generosa,

Shikamoo.

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha chupa ya dawa ya kahawia ya kuulia vijidudu, ujazo lita moja, mzaliwa wa Bukoba, kitindamimba kati ya ndugu wanne waliorudi nami Uingereza Septemba iliyopita nilipotoka likizo huko, wakiwa wamevikwa soksi ndani ya sanduku. Marehemu alikata roho juzi, saa kumi na mbili asubuhi, bafuni, baada ya kuitumikia nyumba hii kwa uaminifu. Ameacha kifuniko kimoja. Mazishi ni Jumatano, kwa kuwa huku hata chupa tupu ina pipa lake na siku yake.

Baada ya msiba huo, sisi hatujambo. Tatiana ametimiza miaka saba. Kiswahili anakielewa chote na anajibu kwa Kiingereza, kama balozi aliyeagizwa na serikali yake asikubali lolote. Mimi bado nasafisha ndege pale Heathrow, shifti ya alfajiri, nikiokota mabaki ya watu waliokula kuku angani. Ulimboka hajambo, yuko kwenye mizigo palepale uwanjani. Siku hizi analala na dirisha la chumbani wazi. Januari hii, Shangazi, hita inawaka na bili inapanda.

Sasa jambo lenyewe. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako hulazwa kwa muuza vocha ichajiwe, na ujumbe wangu wa sauti wa Krismasi nasikia wewe ulikuwa mtu wa kumi na nne kuusikia. Halafu ni wewe uliyesema mambo ya chini hayapiti hewani.

Ile harufu niliyokudokeza Agosti imerudi. Hii ni mara ya nne ndani ya miaka miwili. Inakuja na maji mepesi ya kijivu. Na mimi sijaruka hata siku moja yale uliyonifundisha kwenye kicheni pati yangu, miaka tisa sasa: beseni la maji ya uvuguvugu, vifuniko vitatu, nje na ndani, mpaka palie kama sahani. Nikioga inapotea kwa saa chache. Halafu inarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli.

Nimekwenda kwa daktari wa mtaa. Akaniuliza, "Huwa unajisafisha kwa kitu gani?" Nikajibu, "Maji." Sijui kwa nini nilidanganya. Nadhani nilikuwa nakulinda wewe.

Tangu Noeli nalala kwenye kochi la sebuleni. Nilimwambia Ulimboka ni kwa sababu ya shifti, nisimwamshe. Akasema sawa. Alisema sawa haraka mno, Shangazi, na hilo linaniumiza kuliko harufu. Yule mwanamume hajawahi kukubali jambo lolote humu ndani bila kulizungusha siku tatu. Naogopa ndoa yangu itakufa kwa kitu ambacho siwezi hata kukitaja.

Niambie nimekosea wapi.

Ni mimi mwanao,
Adelina


Bukoba
11 Februari 2024

Mwanangu Adelina,

Marahaba. Barua yako nimeipokea jana kutoka kwa katibu wa parokia, aliyeigeuzageuza kwanza mkononi kana kwamba anapima uzito wa dhambi. Huku mvua zimekuwa nyingi. Ng'ombe amezaa, dume, kama kawaida yake ya kunikomoa. Rubisi ya ndizi niliyoikamua kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu ilitoka vizuri, walilewa mpaka wasimamizi. Goti langu siku hizi linajua hali ya hewa kuliko redio.

Mwambie Tatiana shangazi-bibi yake anamsalimu, na ajibu kwa lugha ya watu.

Pole kwa chupa, lakini usifanye mzaha na vitu vya usafi.

Hukukosea mafundisho, umekosea kipimo. Maji ya huko yana chokaa, mwenyewe ulinieleza jinsi birika linavyoota magamba. Chokaa inakula dawa. Weka vifuniko vinne, asubuhi na jioni. Mwanamke haachi kusafisha eti kwa sababu uchafu umerudi. Uchafu kazi yake ni kurudi, na yetu ni kuufukuza. Nimefunda mabinti sitini na wawili tangu mwaka 1984, wa kwanza akiwa mjinga kuliko wewe, na hakuna hata mmoja aliyerudishwa kwao kwa sababu ya usafi.

Kuna mama mmoja wa Kashai anakuja huko Tottenham kumwangalia mwanawe. Nampa barua hii na kifurushi chako, chupa mbili na kipande cha shabu. Shabu iponde iwe unga, utumie kiasi cha ukucha. Itakukaza na itakausha hayo maji.

Kuhusu kochi. Kwa ukoo wetu kochi ni la mwanamume. Mke hahamii kochini kwa miguu yake mwenyewe. Rudi kitandani ukiwa safi. Na mbona mkwe wangu kwenye salamu umempa mistari miwili tu, halafu mmoja ni wa dirisha?

Baba yako angekuwa hai ningemwachia yeye hasira. Sasa nimebaki mimi.

Shangazi yako,
Generosa


Hounslow
10 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Kifurushi nilikifuata Tottenham kwa treni mbili na basi. Yule mama wa Kashai alinikabidhi mlangoni bila kunikaribisha ndani, akanong'ona, "Pole, mwanangu," kwa sauti ya mtu aliyeelezwa kila kitu. Kwa hiyo mambo ya chini hayapiti hewani, ila kwa ndege yanapita vizuri tu.

Tatiana amepoteza jino. Goti lako nimeliombea. Ulimboka hajambo.

Nilifanya ulivyosema. Vifuniko vinne, asubuhi na jioni, na shabu kiasi cha ukucha. Siku ya tatu nilikuwa natembea kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nikarudi kwa daktari. Safari hii walichukua kipimo kwa kijiti cha pamba, wakanipa jina la ugonjwa: bakteria vajinosisi. Linafaa kuwa la mtakatifu wa Italia. Daktari akasema si uchafu, wala si dalili kwamba mmoja wetu ametoka nje ya ndoa. Akauliza tena najisafisha kwa kitu gani. Nikadanganya tena, safari hii kwa ufasaha.

Akanipa vidonge vya siku saba. Shangazi, vilifanya kazi! Siku ya tano nilikuwa mtu. Nilikaa karibu na wenzangu kwenye basi la 111 bila kupiga hesabu ya upepo unatoka wapi. Nilipomaliza vidonge nikasema, sasa nipigilie msumari ili isirudi kamwe. Nikajaza beseni. Vinne asubuhi, vinne jioni, na shabu juu yake.

Ilirudi baada ya siku kumi.

Wiki hiyohiyo supavaiza wetu, Ravinder, alitukusanya kutufundisha dawa mpya ya vyoo vya ndege. Akasoma kibandiko: inaua asilimia tisini na tisa nukta tisa ya vijidudu, vaa glavu, isiguse macho wala sehemu laini za mwili, ikigusa suuza kwa maji mengi. Niliporudi nyumbani nikavaa miwani, nikasoma chupa yako kwa mara ya kwanza tangu niijue. Onyo ni lilelile, karibu neno kwa neno. Yaani choo cha ndege, alichokalia kila mtu kutoka hapa mpaka Singapore, nakisafisha nikiwa na glavu. Mwili wangu mwenyewe nauosha mikono mitupu, na kwa kifuniko cha nyongeza.

Nikaenda kwa Nishma. Huyu ni mfamasia wa duka la dawa hapa mtaani, kwao ni Kingsbury, hapahapa London, na mama yake alizaliwa Mwanza. Kiswahili chake ni cha jikoni, lakini kinatosha kuulizia aibu.

"Mama, iko shida gani? Kila mwezi nakuja."

"Inarudi."

"Wewe naosha na nini?"

Nikamwonyesha picha ya chupa kwenye simu. Akaweka kalamu chini.

"Nje?"

"Na ndani."

"Kila siku?"

"Mara mbili. Maji yenu yana chokaa."

"Mama, wewe napiga vita na watu ya nyumba yako mwenyewe."

Nakuandikia alivyonieleza, kwa maneno yangu, kwa sababu yake yalikuwa na lugha tatu. Ndani ya uke wa mwanamke mzima wanaishi bakteria, tena wazuri. Wanaitwa laktobasili. Ni jamii moja na wale wa kwenye mtindi, na wanatengeneza asidi ileile inayochachusha maziwa. Asidi hiyo ndiyo inayowafanya wale wengine, wabaya, wabaki wachache. Sasa dawa yetu haimuulizi mtu kama ni mwema. Inaua. Wema wakishapungua, asidi inapungua, na wabaya wanaongezeka. Hao ndio wenye harufu. Nikisikia harufu naongeza dawa, nikiongeza dawa nawaongezea nafasi. Miaka miwili, Shangazi, nimekuwa nafanya kazi ya ziada bila malipo kwa niaba ya harufu yangu mwenyewe.

Nikamuuliza, basi nisafishe vipi ndani? Akasema, "Ndani najisafisha yenyewe. Nje, maji. Basi." Halafu akaongeza, kwa kuwa ni mkweli, "Hata sayansi bado natafuta. Wanawake wengine nafanya yote sawa na bado narudi. Lakini hii chupa, hapana."

Sijajua nikuulize nini. Naomba tu uniambie mafundisho haya ulifundishwa na nani.

Adelina


Bukoba
7 Aprili 2024

Adelina,

Marahaba. Pasaka imepita salama. Ndama anaendelea vizuri. Goti ni lilelile.

Barua yako ilifika ikiwa imefunguka gundi. Umeandika neno lile, kwa herufi zake zote tatu, kwenye barua inayopitia ofisi ya parokia. Katibu sasa hanitazami usoni. Ananiwekea barua mezani na kuangalia picha ya Baba Mtakatifu.

Umeniuliza nani alinifundisha. Sista wa zahanati, mwaka 1983, nilipojifungua mtoto wa kwanza na kushonwa nyuzi saba. Alinipa chupa, akasema nikae kwenye beseni mpaka mshono upone. Sista alikuwa mtu msomi, alivaa saa ya mkononi. Mwaka uliofuata shangazi yetu mkubwa akafariki na mimi nikakabidhiwa kufunda. Bibi harusi lazima aondoke na kitu mkononi, Adelina. Maneno matupu hayaheshimiki. Wenzangu wengine walikuwa wanagawa mizizi. Mimi niligawa dawa ya hospitali, yenye kibandiko na mhuri. Watu walinisifu kwamba nimeleta maendeleo.

Sasa wewe, niliyekufunda kwa mikono yangu, unaniletea maneno ya binti muuza duka, mwenye Kiswahili cha kuokoteza, kwamba nimekuwa nikiua watu wa nyumbani. Yeye anamjua lini mwanamke wa Kihaya? Na kama ni hivyo, basi wale sitini na wawili niliwafanya nini? Fikiri kabla hujajibu. Nisingependa ujibu.

Mwezi wa Juni namfunda binti wa jirani. Nitamfunda nilivyowafunda wengine.

Mkwe wangu hujamwandika hata kidogo, umeandika "hajambo". Hata ndama nimempa zaidi ya hapo.

Generosa


Hounslow
12 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Tatiana hajambo, jino jipya limechungulia. Jua limetoka siku mbili mfululizo na watu huku wamevua nguo kana kwamba imetolewa amri.

Nimefikiri kama ulivyosema, na najibu japo hukupenda.

Kwanza, nimemwambia daktari ukweli. Nilikwenda na chupa ndani ya mfuko wa karoti. Akauliza, "Maji?" Nikaiweka mezani. Hakunigombeza, na nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, hata majibu nilikuwa nayo. Alisema tu kwamba anaisikia habari hii karibu kila wiki, kutoka kwa wanawake wa kila nchi, na wazaliwa wa hapahapa nao wananunua vya kwao, vya rangi ya waridi, vyenye picha ya ua. Nimepewa vidonge tena. Leo ni siku ya kumi na tisa bila chupa. Naoga maji, nje tu. Jioni mikono yangu inalitafuta lile beseni kama mvutaji anavyotafuta kiberiti. Najiona mchafu, na mimi si mchafu. Miaka tisa ya mafundisho haitoki kwa wiki tatu.

Pili, unakumbuka nilipokuwa na miaka minane, ulipokwenda kwenye rambirambi Muleba ukaniacha na mtumbwi wa kukamulia rubisi? Nilitaka kukufurahisha. Niliuona umekuwa mweusi, una utomvu wa ndizi za mwaka mzima, nikausugua kwa sabuni ya unga na chupa hiyohiyo ya kahawia mpaka mti ukawa mweupe. Ukarudi ukakamua. Siku ya kwanza kimya, siku ya pili kimya, siku ya tatu ile rubisi imelala kama maji ya kuoshea vyombo. Uliponusa mtumbwi ukaja na fimbo. Ulisema nini? Ulisema, "Umewaua wenye kazi yao!"

Wenye kazi yao, Shangazi. Ulikuwa unawajua. Hukuwa na darubini wala Nishma, na ulijua kuna viumbe kwenye ule mti ambao ukiwaosha kwa dawa hakuna kitakachochacha. Ulinichapa kwa kuufanyia mtumbwi kile ulichokuja kunifundisha nijifanyie mwenyewe.

Sikuandikii kukushtaki. Sista alikupa dawa ya kidonda, kwa siku za kidonda. Kidonda kilipona, dawa ikabaki, na sisi tukaitafutia kazi.

Huyo binti wa jirani mpe kitenge. Mpe sufuria. Usimpe chupa.

Ulimboka sijamwambia. Bado niko kochini. Sasa umepata mistari yako.

Adelina


Hounslow
30 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo, ingawa sijui kama inakufika. Ni wiki saba sijapata jibu. Nimeuliza posta. Posta wameniuliza kama barua ilikuwa na namba ya kufuatilia. Haikuwa nayo. Nimeuliza kwenye kundi la ukoo kama Shangazi ni mzima, wakanijibu kwa picha yako ukicheza kwenye arusi, goti juu. Kwa hiyo ni mzima.

Nimechoka, Shangazi. Sina namna nzuri ya kuliandika. Nimechoka kuomba ruhusa ya kupona. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa, nalipa kodi ya nchi mbili, na naogopa kuoga maji matupu kwa sababu nitakuwa nimemkana dada wa baba yangu.

Mwanzoni mwa mwezi harufu ilichungulia tena, baada ya siku zangu. Kidogo tu. Chupa yako ya pili ilikuwa bado chini ya sinki, haijafunguliwa. Niliitoa. Nilijaza beseni. Nilisimama pale mpaka maji yakapoa, halafu nikafulia soksi za Tatiana. Nishma alikuwa ameniambia nisubiri siku chache kabla ya kukimbilia chochote, na isipopungua nirudi kwa daktari. Siku ya nne haikuwepo. Sitangazi ushindi, kwa sababu daktari amesema inaweza kurudi mwakani bila kosa la mtu. Nasema tu kwamba haikuwepo.

Siku hiyo nikamwambia Ulimboka. Tulikuwa jikoni, anamenya viazi. Nilizungumza nikiwa nimempa mgongo, na nilisema yote, harufu, vidonge, vifuniko, kochi. Nilipomaliza kisu kilikuwa kimesimama.

"Kwa hiyo hukuwa na mtu?" akasema.

"Mtu gani?"

"Mwanamke anahamia kochini, anaoga mara mbili kwa siku, anaoga akitoka kazini kabla hata hajanisalimia. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?"

Shangazi, nilikaa chini. Miezi sita, huyu naye alikuwa anapiga hesabu zake.

Nikamuuliza, na dirisha je? Mbona ulikuwa unalifungua, kama si harufu yangu?

"Harufu ya mtu mimi naivumilia, nimekulia nyumba ya watu kumi na moja," akasema. "Ni ile dawa. Nikilala karibu na wewe naona nimelazwa wodini. Nilikuwa nasubiri manesi wapite."

Nilicheka mpaka Tatiana akaja kuuliza, kwa Kiingereza, nani amekufa.

Nimerudi chumbani. Dirisha limefungwa. Nilifikiri ningefurahi, na nimefurahi, lakini kila nikifurahi nakasirika. Miaka miwili ya aibu kwa ajili ya vifuniko vitatu. Na Juni ndiyo hii imekwisha, na sijui yule binti wa jirani umempa nini.

Nijibu hata kwa matusi.

Adelina


Bukoba
4 Agosti 2024

Mwanangu Adelina,

Marahaba, na marahaba ya ile nyingine. Barua zako zote mbili zilifika. Hakuna iliyopotea. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa na hasira, na kwa umri wangu hasira inachukua muda mrefu kama mvunjiko wa mfupa.

Kiangazi kimeingia. Ndama ameachishwa. Katibu wa parokia amehamishiwa Ngara na aliyekuja ni mama mtu mzima, haogopi bahasha. Ile picha ya arusi walinipiga nikikanyaga mwiba.

Mkwe wangu mwambie nimemsikia. Mwanamume anayemenya viazi huku akiamini mkewe ana mtu mwingine, huyo mshike. Baba yako angekuwa ameshavunja vyombo.

Habari ya mtumbwi nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliitupa chini. Kufananisha mwili na mtumbwi! Mara ya pili nikakumbuka kwamba fimbo niliyokuchapia ilivunjika. Mara ya tatu nilikwenda nikaukalia ule mtumbwi, uani, mpaka kuku wakaja kuniangalia.

Unataka kujua kuhusu binti wa jirani. Nilimfunda. Wanawake walijaa, ngoma ilipigwa, nikasimama na chupa mkononi kama miaka yote. Nilifika kwenye vifuniko. Yule binti anasomea unesi huko Mwanza, na wanaosomea hawana adabu ya kusubiri. Akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Shangazi, wewe mwenyewe huwa unaweka vingapi?"

Wakacheka. Mimi nikasema, "Vitatu." Mama yake akapokea chupa, wakashangilia, nikatunukiwa kitenge na sahani za udongo, nikarudi nyumbani kwa miguu. Kwa hiyo sasa ni sitini na watatu.

Usiniandikie kunilaumu, kazi hiyo nimeshaianza mwenyewe. Wiki iliyopita nilikwenda kwao, nikamwambia binti chupa ile aitumie kusafishia sakafu, siyo mwili. Akasema, "Shangazi, nilishaimwagia chooni." Hakuniuliza kwa nini nimebadili. Sijui niliumia kwa kuwa hakutii au kwa kuwa alijua.

Wale wengine sijui nitawaambia nini. Wako Dar, wako Kampala, wawili wameshafariki, mmoja ni mkuu wa shule. Siwezi kugonga milango sitini na kuanza kuulizia mabeseni. Labda utanisaidia kuandika, wewe mwenye mkono wa kuandika mambo kwa herufi zake zote.

Maji ya mvua nimeyakinga mengi mwaka huu, na goti halijambo.

Shangazi yako,
Generosa

Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Ile dawa mimi niliijaribu siku moja tu. Iliniwasha, nikaacha.